Orodha za Mkunga

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki mbili ni dogo hata naona haya kulitaja. Je, kuna faida yoyote shabiki kukaa chini, kalamu mkononi, aandike nani ataitwa wa kwanza na nani ataitwa wa mwisho, ilhali wenye kuita ni makocha na yeye hana kauli? Mtu mwenye kazi za kufanya angelijibu kwa neno moja akaendelea na siku yake. Mimi nina digrii ya takwimu na sina ajira, kwa hivyo nimelijibu mara hamsini na kulikanusha kila jibu.

Lakini si ukosefu wa kazi tu. Orodha ya namna hiyo ilimwondoa mdogo wangu Kahindi nyumbani, na huu ni mwaka wa nne hajarudi kucheza wala kulala. Mwanamke anayelaumiwa kwa jambo hilo ni mtu niliyempenda kuliko walimu wangu wote. Kijiji kizima kilimwita Mkunga, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya katika zahanati mpaka alipostaafu. Sisi wadogo tulipomwamkia tulimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama.

Kwanza nieleze desturi yenyewe. Kila Desemba huwa na kombe la vijiji, timu nane. Zamani timu zenye wafadhili wa mahoteli ya Bofa zilikuwa zikichukua wachezaji wazuri wote, zikatufunga mabao saba saba mpaka watu wakachoka kuja uwanjani. Wazee wakaamua kila kijana anayetaka kucheza ajiandikishe, wote watiwe kapu moja, kisha makocha wawaite mmoja mmoja kwa zamu. Zamu hupigiwa kura asubuhi hiyo hiyo. Siku hiyo huitwa Siku ya Kuitana. Vijana themanini na wanane husimama upande mmoja wa uwanja wa shule, na kila anayeitwa huvuka kwenda kwenye timu yake. Wiki kadhaa kabla, mashabiki hutunga orodha zao za kubahatisha, wakazibandika popote penye watu, wakazozana.

Orodha ya Mkunga ilibandikwa kwenye mlango wa kinu cha kusaga unga. Aliiandika nyuma ya mabango ya chanjo yaliyopitwa na wakati, kwa herufi zile zile za kusimama alizotumia kwenye kadi za kliniki. Upande mmoja wa karatasi kulikuwa na mtoto mnene anayetiwa matone mdomoni, upande wa pili majina ya mabeki.

Hakuwa mtabiri mzuri. Lazima niseme hivi mapema, kwa sababu waliomsifu baadaye walisahau. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia, na karibu kila mwaka Kinyozi wa stendi, Mswahili wa Malindi aliyehamia kwetu kwa ndoa, alimshinda.

"Bi Mkunga," Kinyozi alimwambia mwaka mmoja mbele ya kinu, huku akina mama wameshika ndoo zao za mahindi, "mimi katika ishirini nimepata kumi na wanne. Wewe je?"

"Sita."

"Sita! Basi rudi kwenye kuzalisha, mpira tuachie wenyewe."

"Na wale wengine, baba? Orodha yako ina watu ishirini. Uwanjani kuna themanini na wanane. Hao waliobaki kwani ni majani?"

"Wa arobaini huko nani anataka kumjua?"

"Mamake," akasema Mkunga, akainua debe lake.

Ndiyo iliyokuwa tofauti. Orodha zote ziliishia pale makocha wanapoanza kusitasita. Yake ilifika mwisho. Ili ifike huko ilimbidi awajue wote, na kuwajua aliwajua kwa miguu yake. Kuanzia Oktoba alikuwa akizunguka viwanja vya mazoezi na kibago chake cha kukalia, kutoka Matsangoni hadi vijiji vya nyuma ambako hata diwani hufika wakati wa kampeni tu. Bado alivaa vile viatu vyeupe vya mpira vya zahanati. Aliketi nyuma ya goli, si pembeni kama watu wengine, na hakupiga kelele hata siku moja. Mchezaji akianguka, Mkunga hakumtazama aliyeanguka. Alitazama ni nani aliyemkimbilia kwanza. Huyo ndiye aliyempandisha nafasi kwenye orodha, na ndiyo sababu mojawapo ya yeye kukosea sana, kwani makocha hawatafuti watu wa kuinua wenzao.

Penalti hakuzitazama. Aligeuka nyuma akaangalia miti, na kwa kelele za watu akajua kilichotokea.

Ulimi wake ulikuwa mkali, na wanawake waliojifungulia mikononi mwake wangali wanausimulia. Mama yangu mwenyewe alipopiga ukelele kwa uchungu wa Kahindi, Mkunga alimwambia, "Ulipokuwa unacheka uliniita? Nyamaza usukume." Mama husimulia hivyo kwa kucheka, kisha huongeza kwamba usiku ule mikono ya Mkunga haikumwachia mpaka jua lilipotoka. Ukali wake ulikuwa wa kukushikilia. Nimekutana na watu wapole wengi chuoni ambao hawakunishika hata kidogo.

Na alikuwa na jambo moja ambalo nililiona kama mgongano, nikalichunguza kwa miaka. Katika kazi yake yote hakukubali kumwambia mjamzito kama amebeba wa kiume au wa kike, ingawa wenzake walisema alikuwa akijua kwa kupapasa tu. Watu walimletea kuku, wakamlilia. Alikataa. "Kazi yangu ni kupokea," alikuwa akisema. "Atakayekuja atakuja na jina lake." Basi ilikuwaje mtu kama huyo akae kwenye baraza yake mwezi mzima akibashiri nani ataitwa wa thelathini na tatu?

Nilimuuliza. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni na nilidhani nimemnasa.

"Mtoto hajambo, hata usipomtaja," alinijibu. "Mamake ameshamfikiria miezi tisa. Haya, mfikirie yule kijana wa kina Charo anayecheza winga kwa mguu mmoja. Siku ile ataitwa mwisho au karibu na mwisho. Kabla ya hapo, nani alikaa chini akamfikiria? Mimi ili nimweke wa themanini na tano, lazima nijiulize kwa nini si wa themanini na nne. Nimelala naye kichwani siku mbili nzima."

"Lakini yeye akisoma wa themanini na tano anaumia, Hawe."

"Anaumia. Kisha anakuja kunigombeza. Anasema, mbona umemweka fulani juu yangu, huoni navyokaba? Tunagombana. Sasa tumejuana."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu nikalipigia mstari. Halafu nikaanza kulitilia shaka, kama kawaida yangu. Nilijiambia kwamba huenda ni maneno matamu tu ya kuhalalisha mchezo. Nilijiambia pia kwamba kupangwa na mtu anayekupenda bado ni kupangwa. Sikumwambia.

Macho yake yalipoanza kufifia kwa kisukari, mimi nikawa mwandishi wake. Alitaja, nami nikaandika. Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimetuma maombi ya kazi kila mahali, na ofisi zote zilinijibu kwa ukimya. Pale barazani kwa Mkunga nilikuwa mtaalamu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo kijiji hakijui.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu jinsi mashabiki wa nchi za mbali wanavyotunga orodha zao. Nilikuta kurasa na kurasa, na kila jina limeandikiwa timu itakayomchukua na sababu zake. Nikaona yetu ya Mkunga ni ya kizamani. Ilikuwa na safu mbili tu, namba na jina, kwa sababu zamu hupigiwa kura siku yenyewe na hakuna anayejua timu gani itaita lini. Lakini mimi nilikuwa na elimu. Nilitazama kila timu ilipungukiwa nini Desemba iliyotangulia, nikapiga hesabu, na baada ya Mkunga kumaliza kutaja nikanakili orodha upya nyumbani na kuongeza safu ya tatu. Jina la sita lilikuwa Kahindi, mdogo wangu, mshambuliaji. Wengine niliwaachia wazi kwa kuwa hesabu haikunipa hakika, lakini mbele yake niliandika "Wavuvi". Timu ya Wavuvi ilikuwa imekosa mfungaji, hesabu ilikuwa wazi. Sikumuuliza Mkunga. Nilitaka kumfurahisha.

Sasa ili uelewe kilichofuata, uelewe watu wa kwetu. Karibu nusu ya makocha wale walizaliwa mikononi mwa Mkunga. Orodha ya Kinyozi walikuwa wakiicheka, lakini ya Mkunga waliisoma wamesimama. Na hakuwahi kutaja timu. Waliposoma Kahindi, Wavuvi, hawakuona ubashiri hata kidogo. Waliona mama mtu mzima ametaja kijana na mahali pake, wakafahamu kwamba familia imekwisha kusema na Wavuvi wamekwisha kukubali. Kijana ameposwa. Nani ataingilia posa ya mtu?

Siku ya Kuitana Wavuvi walipata kura ya mwisho katika kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza makocha saba walimpita Kahindi kwa heshima. Kocha wa Wavuvi naye akafikiri hivi (alikuja kutueleza baadaye): ikiwa hakuna atakayemgusa, ya nini kuharakisha? Akaita kipa. Mzunguko wa pili akaita beki. Kila zamu alihifadhi nafasi ya kijana wake na kuchukua wale ambao wangeweza kuchukuliwa na wengine. Alijiona mjanja. Upande ule wa uwanja watu wakapungua. Jua likapanda. Kahindi alikuwa akicheka mwanzoni, akitaniana na waliobaki. Kisha akaacha kucheka. Akafunga viatu, akafungua, akafunga. Walipobaki watu kumi, akina mama walianza kunong'ona kwamba labda ana ugonjwa unaofichwa. Walipobaki wawili, yule mwenzake wa kina Charo alimshika bega. Kisha huyo naye akaitwa.

Kahindi alisimama peke yake. Mtu wa themanini na nane hata haitwi, kwa kweli. Jina lake linasomwa tu kwa kuwa ndilo lililobaki.

Hakuvuka. Alipita kando ya uwanja mpaka kwenye kibago cha Mkunga, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Hawe, uliniweka wa sita ili wanicheke vizuri?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mkunga, kalamu iko sikioni. Jioni ile Kahindi alibeba nguo zake akaenda kwa mjomba ng'ambo ya mto Sabaki, na kutoka huko akapata kibarua kwenye mashamba ya chumvi.

Juma lililofuata ndipo kocha wa Wavuvi alipokuja barazani kujieleza, na ndipo sisi wawili tulipofahamu safu ya tatu ilifanya nini. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. Mimi nilisubiri aniangalie. Hakuniangalia.

"Ni orodha yangu," akamwambia. "Niliandika vibaya."

Kocha alipoondoka nilianza kulia. Nikasema nitampigia Kahindi simu saa ile ile. Mkunga alinikamata mkono, mkono ule ule wa kushikilia watu.

"Tulia, mwanangu. Sasa hivi ana hasira, na hasira inataka mtu. Ikikupata wewe, mtagawanyika, na nyinyi mna miaka mingi ya kuishi pamoja. Mimi ni mzee. Niache nibebe mpaka apoe."

Nilikubali haraka mno. Nikilipima jambo hili leo, haraka ile ndiyo inayoniuma kuliko kosa. Mimi ninayefikiri mara kumi kabla ya kununua nyanya, siku ile sikufikiri hata mara moja. Mwezi ukapita, nikasema bado hajapoa. Mwaka ukapita, nikasema sasa nitakuwa natonesha kidonda. Nimemwandikia mdogo wangu barua kurasa tatu kwenye simu, yenye sababu, muktadha na hata ufafanuzi wa jinsi nilivyokadiria mahitaji ya timu. Nimeifuta na kuiandika upya nisijue ni mara ngapi.

Mkunga naye hakuacha orodha. Hilo liliwashangaza watu na wengine wakamwita mwanamke asiye na haya. Aliendelea na safu zake mbili, na kila Desemba alikaa kwenye kibago chake nyuma ya goli, ingawa wengine hawakumsalimia tena kwa moyo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mama, ambaye mikono ile haikumwachia usiku kucha, alikuwa akibadilisha njia asipite mlangoni kwake. Niliona, na nikanyamaza katika hilo pia.

Wiki mbili zilizopita aliniita. Nilimkuta amelala ndani, mchana, mguu mmoja umefungwa bandeji na macho yamekuwa meupe. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Umeleta karatasi?"

"Nimeleta. Lakini Hawe, mwaka huu pumzika. Hujaenda hata uwanja mmoja."

"Wamekuja wao. Muulize huyu binti yangu, wamemaliza majani ya chai yote. Kila mmoja anakuja kulalamikia mahali pake kabla sijamweka." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Andika."

Alitaja themanini na wanane kwa muda wa saa tatu, akipumzika katikati. Alijua nani ameumia goti, nani amefiwa, nani ameacha kukimbia vizuri tangu apate pikipiki. Nilipoandika la mwisho nilifunga kalamu. Yeye alibaki ameelekeza uso kwenye dari.

"Kahindi hakujiandikisha tena," akasema. Hakuwa akiuliza.

"Hakujiandikisha, Hawe."

"Mimi humweka kila mwaka. Simtaji, lakini humweka. Mwaka huu nimemweka wa arobaini. Hajacheza muda mrefu, atakuwa mzito." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamke yule mkali, "Ananichukia bado?"

Nilitafuta jibu. Nikafikiria kusema hapana, nikaona ni uongo. Nikafikiria kusema ndiyo, nikaona ni ukatili. Nikafikiria kusema sijui, na hilo lingekuwa uongo mbaya kuliko yote. Binti yake aliingia na maji ya kunywa, na mimi nikatumia nafasi ile kuaga.

Tangu hapo ndipo nilipolishika lile swali, kama orodha zina faida au hazina. Sasa naona kwa nini nililishika. Kama hazina faida, basi kosa ni la mchezo wenyewe, wa mashabiki wote, na langu linapotea humo. Na kama zina faida, basi Mkunga amelipia kitu chema, nami naweza kumwacha afe nacho kama sadaka. Nilizunguka humo siku kumi na nne. Majibu yote mawili yaliniacha mimi nimekaa nyumbani.

Nadhani zina faida. Nadhani, sina hakika. Najua kwamba kuna vijana themanini na wanane ambao mtu mmoja asiyeona amewafikiria mmoja mmoja, na walikwenda kunywa chai yake kwa sababu hiyo. Najua pia kwamba karatasi ile ile, ikiguswa na mtu anayetaka kuonekana ana akili, inaweza kumsimamisha kijana juani mpaka awe mtu mwingine. Mambo haya mawili sijaweza kuyapatanisha, na jana niliacha kujaribu.

Asubuhi nilibandika orodha mlangoni mwa kinu, safu mbili. Nikaenda kwa mama, nikamwambia ukweli kabla hajamaliza kufagia. Alisimama na ufagio wake, kisha akaingia ndani. Mimi nikaelekea kaskazini.

Nilimkuta Kahindi kwenye mabwawa ya chumvi, amejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya mwako, anakokota chumvi kwa reki ndefu. Mabega yake yamekuwa mapana. Aliponiona aliiangusha reki.

"Dada! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mama hajambo."

"Basi mbona umekuja hivi, bila simu?"

Nilikuwa na zile kurasa tatu kwenye simu, mkobani. Sikuzitoa.

"Ile safu ya timu kwenye orodha," nikamwambia, "Mkunga hakuitaja. Hakuijua. Niliiongeza mimi, nyumbani, baada ya yeye kumaliza. Makocha walidhani umeshaposwa na Wavuvi, ndiyo maana wakakupita. Alikuweka wa sita kwa sababu aliona wewe ni wa sita. Lawama alizibeba kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha azibebe."

Alishusha kitambaa usoni. Alinitazama, kisha akatazama bwawa. Mwenzake mmoja alimwita kwa mbali, hakuitika.

"Miaka minne," akasema.

"Miaka minne."

"Yuko wapi yeye?"

"Amelala nyumbani kwake. Haoni tena."

Kahindi aliinama akaokota reki, akasimama nayo bila kuitumia. Nilitamani kueleza, kupunguza, kuweka sababu moja au mbili mahali pake. Nilisimama tu mbele yake. Alipogeuza uso tena kwangu na kuuliza, taratibu, "Wewe?", nilimjibu ndiyo, ni mimi.